Ubao wa Viganja

Jirani yangu muuza mkaa aliwahi kuniuliza, "Hivi Bi Mlango, humo ndani mnalala wangapi? Kila mara naona magodoro yanaingia, watu siwaoni. Au mnafuga majini yanayopenda kulala?"

Nilicheka, maana mwanamke yule ukimnunia anachimba zaidi, ukicheka anaridhika. Nikamwambia ni nyumba ya wageni wa kampuni. Akasema wageni gani hao hawatoki hata kununua sabuni. Kisha akaendelea kujaza mkaa kwenye makopo yake, akiugonga juu ili uonekane umejaa, nami nikafunga geti. Jicho la jirani ni kama jicho la paka, hata likifumba halijalala.

Humo ndani walikuwa wanawake waliopigwa na waume zao wakakimbia. Wengine walikuja na watoto mgongoni, wengine na nguo waliyovaa tu. Jirani hakutakiwa kulijua hilo, wala mtu mwingine yeyote pale mtaani.

Jina la Bi Mlango nilipewa na wanawake wenyewe, kwa sababu kazi yangu ni kukaa kwenye kijumba cha getini, kufungua na kufunga. Nina kiti, birika, mkeka wa kuswalia na tasbihi yangu. Shule niliishia la saba, lakini mlango hauulizi cheti. Unataka mtu asiyesinzia na asiyependa maneno. Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Alipofariki, nami nilipotoka eda, mwenye kiwanda aliniita akanipa kazi hii.

Mwenye kiwanda wafanyakazi wanamwita Mzee Sponji, na yeye anajua wala hakasiriki. Ni mtu mfupi, mpole wa sauti, kiwanda alikirithi kwa baba yake. Ana mazoea ya kubonyeza kila kilicho karibu naye, kiti, mto, hata mkate mezani, kama anayetaka kuona kitainuka vipi.

Habari ya nyumba ilianzia kwenye chumba cha ushonaji, wanakoshona foronya za magodoro. Jumatatu moja Mzee Sponji alipita mle akakuta washonaji kadhaa wamevaa miwani ya jua. Akatania, akauliza kuna jua gani humu ndani. Hakuna aliyecheka. Msimamizi wao, mwanamke mnene wa maneno makavu tunayemwita Mama Sindano, alimfuata mpaka ofisini, akarudishia mlango, akamwambia, "Bosi, wewe unauza usingizi nchi nzima, na wanaokushonea hawalali."

Matajiri wengine wangetoa mchele na vitenge, wakapiga picha, wakaenda zao. Huyu aliuliza kinachotakiwa ni nini. Mama Sindano akamjibu ni mlango unaofungika. Basi akaitoa nyumba aliyoijenga baba yake, iliyokuwa ikikaliwa na wahasibu wa kiwanda. Akapandisha ukuta, akatia vitanda, akamwajiri muuguzi wa kuja kutwa na wakili mwanamke wa kusimamia kesi. Kule kiwandani akaweka kanuni kwamba mwanamke anayekwenda mahakamani hakatwi mshahara. Wanawake wa nje ya kiwanda nao walipokelewa, wakiletwa kutoka hospitali au kituo cha polisi. Na akaweka sharti kwamba mwanamume yeyote mwisho wake ni kijumba cha getini, akianza na yeye mwenyewe.

Sharti hilo sikuwahi kumwona akilivunja. Alikuwa akija na mfuko wa machungwa, anaketi kwenye kiti changu mfuko ukiwa mapajani kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa, kisha ananiuliza swali lile lile, "Bi Mlango, wamelala?" Hakuuliza wako wangapi wala wamegharimu nini. Nikimwambia wamelala, anafurahi kama mtu aliyeambiwa mwanawe kafaulu, anainuka anaondoka. Katika dua zangu namtaja baada ya marehemu mume wangu.

Sasa kuna binti mmoja aliletwa na askari wa kike kutoka hospitali. Kazi yake ilikuwa ususi. Wenzake walimpa jina la Kimya, kwa sababu siku za mwanzo alijibu kwa kichwa tu. Mkono wake wa kushoto alikuwa anauficha ndani ya mtandio, akila ameficha, akifua ameficha nusu.

Asubuhi yake ya kwanza nilimpelekea chai nikamkuta amelala sakafuni. Godoro alikuwa ameliegemeza ukutani, na upande wenye lebo ameugeuzia ndani. Nilidhani ni maumivu ya mgongo, watu wengine hupenda pagumu. Nikamletea mkeka. Alishukuru, na kila siku nikawa namkuta kwenye mkeka, godoro limesimama pale pale kama mtoto aliyepewa adhabu darasani.

Kuna siku nilikuwa uani napepeta mchele, akaja akakaa kando yangu akaanza kuchagua chuya kwa mkono mmoja. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mama, hii nyumba ni ya nani hasa?"

Nikamjibu ni ya Mungu, halafu ya kiwanda.

Akasema, "Na kiwanda kikiitaka?"

Nikamwambia kiitakie nini na ndicho kilichoitoa. Akarudi kwenye chuya zake. Lakini mimi ni mtu wa kuweka maneno, na lile nililiweka kifuani.

Inabidi niwaeleze kuhusu ubao, maana asiyeujua hatuelewi watu wa magodoro. Pale kwenye geti la kiwanda palikuwa na ubao mkubwa tangu enzi za baba yake Mzee Sponji. Godoro likimfikia mnunuzi, wapakuzi walimwomba alibonyeze kwa kiganja, wakapiga picha ya mkono tu umezama kwenye godoro, na picha ikabandikwa ubaoni. Sura haikupigwa. Ulikuwa ndio ufahari wa kiwanda. Pale ulikuta mikono ya maharusi yenye hina, mikono ya wazee, mikono ya matroni wa hospitali. Na wafanyakazi waliufanya mchezo wao. Kila asubuhi kabla ya king'ora walisimama wakibahatisha mkono ni wa nani: huyu fundi magari, tazama kucha, huyu mwalimu, tazama chaki, huyu ana deni, tazama alivyokunja ngumi. Marehemu mume wangu alikuwa hodari wa mchezo huo, alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia tunacheka mpaka chai inapoa.

Baadhi ya magodoro ya nyumba yetu yalipochakaa, Mzee Sponji akaleta mapya. Wapakuzi waliyashusha getini wakaondoka, sisi wenyewe tukayaingiza. Mama Sindano alikuwepo siku hiyo na kamera ya kiwanda. Alisema hawa wanawake nao ni wateja kama wateja wengine, kwa nini mikono yao isikae ubaoni? Mkono hauna jina. Wanawake walifurahia, wakabonyeza kwa zamu, mmoja akapaka na mafuta kwanza ili mkono usiaibike. Kimya alikataa kwa kichwa, na hakulazimishwa. Ila Mama Sindano alipokuwa akitoka alipita chumbani akamkuta anatandika shuka kwenye godoro la mwenzake, kiganja kimezama vizuri, mwanga wa dirisha unapiga. Akapiga ile. Hakuna aliyeona ubaya, mimi nikiwa mmoja wao. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote, na mwenye mkono hakujua kama imepigwa.

Yaliyofuata kule kiwandani Mama Sindano alinisimulia baadaye. Picha zilibandikwa, asubuhi watu wakaanza mchezo wao. Wakafika kwenye ile ya shuka. Mmoja akasema huyu msusi huyu, tazama vidole vinavyoishika shuka kama vinagawa nywele. Mwingine akasema mbona kidole cha mwisho kimepinda kwa nje kama mkono wa kikombe. Wakacheka, wakabishana. Msimamizi wa chumba cha ukataji, ambaye kwa kawaida ndiye mcheshi wao, hakucheka. Alisogea akaitazama picha, akainamisha kichwa, akaenda zake kazini. Saa ya chai akawauliza wapakuzi, kwa sauti ya kikazi kabisa, yale magodoro ya juzi waliyashusha mtaa gani. Nao wakamwambia, kwa sababu ni bosi wao na swali ni la kazi.

Huyo msimamizi kiwanda kizima kilimwita Mpole. Hapandishi sauti. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kukusanya watu. Vijana wote wa ukataji amewafundisha yeye. Mke wake hakuna aliyewahi kumwona kiwandani, na alipoulizwa siku hizo alisema kaenda kumuuguza mama yake.

Alikuja kwangu alasiri hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoa salamu ya mwisho ya swala, bado nimekaa kwenye mkeka, nikasikia geti linagongwa taratibu, kistaarabu. Nikafungua kidirisha. Nilimtambua mara moja, na moyo wangu ukafurahi kabla akili haijauliza kilichomleta, kwa sababu mtu huyu aliingia kaburini kumpokea mume wangu. Mikono yake ndiyo iliyomlaza.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Za kazini?"

Akasema njema, akaniuliza afya, akaniuliza miguu yangu, maana alikumbuka inanisumbua. Kisha akasema kampuni imemtuma kukagua magodoro mapya, kuna moja limekatwa vibaya.

Nikamtazama. Viatu vyake vimepigwa rangi, shati limepigwa pasi, mikononi hana hata futi ya kupimia. Nikamwambia Mama Sindano hajanipa taarifa hiyo.

"Mama, mimi si mgeni wako. Nimembeba mumeo kwa mabega haya."

"Najua. Na kila nikimwombea nakuombea na wewe. Lakini sharti la hapa halina mgeni wala mwenyeji."

Akatabasamu. Halafu akasogeza uso kwenye kidirisha, na kwa sauti ile ile laini akasema, "Mwambie nimemwona. Mwambie na kidole chake nimekiona."

Akageuka akaondoka bila haraka. Komeo nililikagua, nikalikagua tena, nikakaa na tasbihi mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Hapo muuza mkaa akanigongea. Nikadhani anataka umbea. Kumbe alitaka kuniambia kwamba yule bwana kabla ya kuja kwangu alipitia kwake, akamuuliza nyumba hii wanakaa kina nani.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia wanakaa wagonjwa wa kifua kikuu, asogee kwa hatari yake."

"Nani kakwambia tunaumwa kifua kikuu?"

"Hakuna. Ila sikuvipenda viatu vyake. Mtu wa heri hapigi rangi viatu kuja kuuliza habari kwenye vumbi la mkaa." Akaangalia pembeni. "Bi Mlango, mimi nauza mkaa, siuzi macho. Nimewaona wanaoshuka hapo alfajiri na nyuso zao. Nilikuwa nakuuliza tu nione kama utawasema. Hukuwasema, nami nikanyamaza."

Nilimshika mkono, mweusi na mkaa wake.

Ndani nilimkuta Kimya amekwisha kufunga kibunda chake, amevaa na ndala. Sauti ilikuwa imemfikia. Alizungumza siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua. Aliniambia yule ni mumewe. Akanigeuzia lile godoro aliloliegemeza ukutani tangu siku ya kwanza, akanionyesha kwenye lebo alama ya mkataji, ndogo, ya wino. Ilikuwa alama ya Mpole. Alipofika tu aliiona, akajua amekimbilia mikononi mwa watu wa mumewe. Hakusema, kwa kuogopa wakijua ni mke wa nani watamrudisha.

"Nguo ya kuazima haisitiri, mama," akasema. "Nyumba ni yao, na yule ni mtu wao. Mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia asiogope. Lakini sijawahi kuahidi kilichomo mkononi mwa mtu mwingine. Nikamwambia asubiri mpaka mwenye nyumba aje, nami nitakaa getini, hatoki mtu wala haingii. Alikubali kusubiri, ila kibunda hakukifungua.

Asubuhi Mzee Sponji alikuja na Mama Sindano. Mama Sindano, yule wa maneno makavu, macho yalikuwa yamevimba. Aliingia moja kwa moja kwa Kimya, na nilipowachungulia alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda. Mzee Sponji alibaki kwangu. Aliniambia Mpole alimfuata nyumbani jana jioni pamoja na baba yake mdogo, wamekaa sebuleni kwa adabu, wakasema wanaomba mke wao. Hawakutukana mtu. Walisema haya ni mambo ya ndani, yakizungumzwa na watu wazima yanakwisha.

Kisha akaniomba nimuulize binti kama anaweza kuzungumza naye. Akageuza kiti, akakaa ameupa ua mgongo, uso anautazama ukuta wa kijumba, ili binti aseme bila kutazamwa. Sikuwahi kumwona tajiri akifanya jambo kama lile, na sitalisahau.

Kimya akaja akasimama mlangoni nyuma yake. Alieleza. Mengine sitayaandika, Mungu ameyasikia. Lakini cha kidole nitakiandika. Alikuwa amesuka wateja akachelewa kurudi. Mumewe akamwita kwa upole, akamwambia weka mkono hapa, kwenye kabati la nguo, kisha akaufunga mlango wa kabati taratibu, akiusukuma huku akimtazama usoni, mpaka kidole kikasikika kikivunjika. Baadaye akamfunga kitambaa yeye mwenyewe, akamwambia sasa utakuwa unakumbuka saa.

Mzee Sponji alikuwa anabonyeza mto wa kile kiti, anaachia, anabonyeza.

Binti akauliza, "Utanirudisha?"

Nilisubiri jibu. Namjua mzee yule, nilidhani litatoka haraka. Hakujibu. Alisema tu, kama anayejisemea, kwamba Mpole amemlea tangu akiwa kibarua wa kufagia vipande, na wanawe wa kuwazaa hawakijui kiwanda kama anavyokijua yule. Kisha akasema kesho watakutana ofisini kwake, wakili atakuwepo na polisi atakuwepo, na binti asipotaka kuja asije. Akainuka. Mfuko wa machungwa aliusahau kwenye kiti.

Kimya akanitazama. "Umeona, mama?"

Siku ile nzima sikuwa na raha. Nilikuwa nikimsifu mtu yule kwa Mungu kila swala, nikaanza kujiuliza kama nimesifu ukuta au mchanga. Kutoa machungwa si kazi. Kazi ni kutoa kile kinachokuuma.

Kimya aliamua kwenda. Alisema Mzee akimrudisha, bora amrudishe mbele ya macho yake. Nami nikaomba kumsindikiza, Mama Sindano akakaa getini badala yangu.

Tulichukuliwa kwa gari la wakili. Tulipokaribia geti la kiwanda nilitazama mahali pa ubao kwa mazoea. Haukuwepo. Palikuwa na ukuta mtupu tu, na mraba mkubwa wa rangi ambayo jua halijaifikia miaka yote, na matundu ya misumari. Wafanyakazi walikuwa wanapita pale wakiinamisha vichwa kama wanaopita msibani. Nikaacha kuuma midomo.

Tuliingizwa kwa mlango wa nyuma, karibu na marundo ya vipande, ili tusionekane. Ofisi ya Mzee Sponji ina dirisha pana linalotazama chumba cha ukataji huko chini. Mpole alikuwa ameshafika, amekaa na baba yake mdogo, mzee mwenye kofia na maneno mengi. Alituamkia wote. Alimwamkia hata mkewe, akamwita jina la nyumbani. Binti alikaa kando yangu, mkono wake umo ndani ya mtandio, nausikia ulivyo baridi ubavuni kwangu.

Baba mdogo alianza. Alisema vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Alisema kijana amekosa na yuko tayari kuomba radhi, na hata faini ikitajwa ukoo utachanga. Alisema mke wa mtu hakai nyumba ya watu kama furushi la posta. Akacheka kidogo, akitazama kama tutacheka.

Mpole alisema machache. "Bosi, mimi sina ubishi na nyumba ile. Ni ya kampuni, ninajivunia. Lakini mimi na kampuni ni kitu kimoja, wewe mwenyewe umesema hivyo mbele ya watu. Mke wangu akiwa kwenu, yuko kwangu. Mnipe tu ufunguo nimchukue mtu wangu."

Mzee Sponji alikuwa ameweka mikono mezani, na kwa mara ya kwanza sikuona ikibonyeza kitu.

"Nilisema hivyo, kweli," akajibu. "Ila ufunguo sina."

Akaeleza bila kupamba. Binti alimuuliza swali jana, akakosa jibu, kwa sababu aliona swali ni la haki. Kama nyumba ni yake, basi leo yeye atasema hapana, na kesho akifa mwanawe anaweza kusema ndiyo. Mwanamke hawezi kulala kwenye ndiyo na hapana ya mtu mwingine. Kwa hiyo jana, toka alipoondoka getini kwangu mpaka jioni, alikuwa kwa wakili. Nyumba ameitoa. Imekuwa mali ya wanawake wanaoiendesha, Mama Sindano, muuguzi, wakili mwenyewe na mimi Bi Mlango, na katika maandishi yake haiwezi kurudi kwa kiwanda wala kwa wanawe. Kiwanda kitaendelea kupeleka magodoro na kulipa mishahara, lakini amri hakina.

Hapo nilishtuka, maana jina langu sikutegemea kulisikia. Wakili alinigusa goti, akanong'ona kwamba nitakubali au nitakataa mwenyewe, hajasaini mtu kwa niaba yangu.

"Sasa hata mimi nikitaka kupita pale getini," akaendelea Mzee Sponji, "namwomba huyu mama. Mwombe na wewe. Nasikia ulishamwomba."

Baba mdogo alivua kofia akaivaa tena. "Tajiri, kweli unavunja ndoa ya watu?"

"Mimi nimevunja ubao wa baba yangu tu. Hayo mengine nimeyakuta yamevunjika."

Kisha akamgeukia Mpole, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza na mwanawe. Akamwambia kazi yake inasimama kuanzia saa hiyo mpaka mahakama iseme, na askari wa kike yuko hapo nje ya mlango na karatasi ya zuio, akikaribia nyumba ile au saluni ya mkewe atakamatwa. Akasema hakuna atakayemkatia magodoro kama yeye, analijua hilo, na kiwanda kitayumba. "Acha kiyumbe," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitazama nje ili nisiyatazame, nikawaona vijana wa ukataji huko chini wamesimama kwenye mashine wameinua shingo kuelekea dirishani.

Ndipo Mpole akafanya kile ambacho nadhani kilimfanyia kazi miaka yote. Alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya mkewe, machozi yanamtoka, ya kweli kabisa. Akasema shetani alimpitia. Akasema nyumba imekuwa baridi. Akasema yeye hana mwingine, na wewe unanijua nilivyo, sema mwenyewe hapa mbele ya watu tuondoke zetu nyumbani. Baba mdogo naye akaitikia, sema mama, mwanamke ni moyo.

Sote tukamtazama binti. Wakili alitaka kusema kitu, Mzee Sponji akamzuia kwa kidole. Mimi nilikuwa na tasbihi mkononi, lakini hata kuivuta sikuweza. Niliwajua watu wazima wengi waliorudi kwa machozi kama yale.

Kimya akautoa mkono ndani ya mtandio. Akauweka mezani, kiganja chini, mbele ya mumewe, kidole kikiwa kimepinda nje. Ulikaa pale kama mkono wa mtu yeyote.

"Shetani hakuwepo siku ile," akasema. "Ulikuwepo wewe. Na ulikuwa unanitazama."

Hakulia. Alisimama, akajitengeneza mtandio kichwani kwa mikono yote miwili, akalipita goti la mumewe bila kulikanyaga. Nilidhani ataelekea mlango wa nyuma tulioingilia. Aliuacha. Alifungua ule wa mbele, wa ngazi zinazoshukia chumba cha ukataji, akampita askari, akashuka katikati ya mashine na vijana wote waliofundishwa na mumewe, mkono wake unaning'inia wazi ubavuni. Mmoja wao akasogeza rundo la sponji ili apite. Nami nikainuka na miguu yangu hii kumfuata, lakini alikuwa ameshafika getini, akaupita ule ukuta mtupu, akatoka.